Shimo la Msumari kwa Stoo ya Viazi

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kaeni chini kwanza. Simu wekeni kando. Kama mnaisomea kwa hiyo simu, sawa, lakini msiruke mistari, najua tabia yenu. Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la nne nikatolewa nilee ndugu zangu wadogo, kwa hivyo maneno makubwa sina. Nitasema vile ilikuwa.

Likizo iliyopita mjukuu wangu Chebet alikuja kukaa na mimi hapa upande wa Cheptiret. Yuko kidato cha pili. Alikuja na begi moja ya nguo na kasha moja la nyaya, na hilo kasha ndilo alilishika vizuri. Siku ya pili wenzake wakamfuata kutoka Eldoret mjini, nao wakae likizo yote: Kiprop, ambaye babake ana duka la mbolea, na Atieno, binti ya nesi. Wakakaa kwa kochi langu wakaanza kubishana juu ya kitu gani ni bora kuchezea gemu mkiwa wengi.

"TV ya kwetu ndiyo mwisho," Kiprop akasema. "Inchi hamsini na tano. Nyeusi yake ni nyeusi kabisa, si hiyo nyeusi ya majivu mnaona kwa watu."

"Ya kwenu ama ya babako?" Atieno akamuuliza. "Juzi ilifika saa ya habari tukafukuzwa kama kuku. Mimi nakaa na monita yangu. Ni ndogo lakini haichelewi. Ukibonyeza, mtu anapiga mpira hapo hapo. TV yenu unabonyeza leo, anapiga kesho."

"Monita ya watu wawili! Wengine tunacheza na shingo yako?"

"Nyamazeni," Chebet akasema. "Projekta. Ukuta mzima. Kila mtu anapata robo yake na hakuna wa kusukumana. Shida ni mwanga tu. Mchana haionekani bila giza."

Wote watatu wakageuka kuangalia dirishani. Nilijua wanaangalia stoo yangu ya viazi.

Niliwapa. Viazi vilikuwa vimebaki magunia mawili, nikawaambia wavisukume kona na wavifunike. Chebet akapaka ukuta wa nyuma rangi nyeupe iliyobaki nilipopaka jikoni. Wakavuta waya wa stima kutoka kwangu, wakatoa projekta kwa lile kasha la Chebet, wakafunga mlango, wakawasha. Baada ya muda kidogo nikamwona Chebet mbele yangu amepangusa mikono kwa sketi.

"Kogo," akaniita, hivyo ndivyo sisi huita nyanya, "kuna katundu ka msumari kwa mabati. Mwanga unaingia hapo unaharibu picha. Tupatie kitu tuzibe."

Nikainama nikaokota gunzi la mahindi kando ya jiko. Nikampa. Akaniuliza, "Kogo, mbona huliachilii?" Nikamwambia ni umri. Haikuwa umri.

Mimi nilizaliwa Ainabkoi, juu kule kwenye baridi, mahali reli inapita. Mama yangu alikuwa mtu wa viazi. Stoo yetu ilikuwa na ukuta wa udongo upande wa nyuma, na mbele, upande unaoangalia uani, ilikuwa mabati matupu yaliyogongwa kwa mbao. Mama alikuwa mkali kwa kila kitu, lakini kwa mlango wa stoo alizidi. Ukiuacha wazi, unakula fimbo kwanza halafu unaulizwa baadaye. Kwa sababu kiazi kikipigwa na mwanga kinageuka kijani, kinakuwa kichungu, na mtu wa soko hachukui. Alikuwa anatuambia kila mara, "Giza ndilo linatunza. Mwanga unaharibu. Kitu ukikiweka gizani, utakikuta vile ulikiacha." Nawaomba mkumbuke hayo maneno, kwa sababu mimi niliyashika kupita vile yeye alitaka niyashike.

Rafiki yangu alikuwa Akinyi. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli, wale wa kukaza mataruma chini ya vyuma, na walitoka huko chini kwenye ziwa. Walikaa kwa nyumba za reli ng'ambo ya shamba letu. Akinyi hakujua lugha ya kwetu na mimi sikujua ya kwao, kwa hivyo tulikutana katikati kwa Kiswahili, na hiki ninachoandikia hapa nilikianzia kwake. Tuliitana Pacha. Mimi nilikuwa mfupi wa rangi ya maji ya kunde, yeye alikuwa mrefu mweusi, miguu kama ya korongo, na bado tulikuwa tunaambia watu sisi ni mapacha tukitegemea wataamini. Alikuwa na sweta moja nyekundu. Sijawahi kumwona bila hiyo sweta.

Ni yeye aliyeona kwanza. Mama alitufungia ndani tuchambue mbegu, vile vidogo kando na vile vikubwa kando, na msumari mmoja ulikuwa umeanguka kwa mabati ukaacha shimo. Akinyi akanishika mkono. "Pacha, angalia ukuta." Nikaangalia. Mwanga wa lile shimo ulikuwa umeleta uani wote ndani, na ng'ombe wetu alikuwa anatembea kwa ukuta wa udongo, miguu juu, mgongo chini. Alikuwa na rangi yake yote, kahawia na doa jeupe. Nyuma yake kabichi zilikuwa zimening'inia kama popo, na mbingu ilikuwa imelala chini karibu na viazi. Nilipiga nduru. Akinyi alicheka mpaka akakaa.

Hatukuambia mtu mkubwa. Tuliambia binamu yangu Kiptoo tu, kwa sababu alikuwa ametusikia. Tukawa watatu, na kutoka hapo tukawa na mchezo wetu. Mmoja anatoka uani anaigiza mtu: anatembea kama karani wa reli, ama kama mwalimu wa Jumapili akitafuta miwani yake. Wawili walio ndani wanaangalia ukutani na kusema ni nani. Huwezi kusikia sauti yake vizuri na amepinduka kichwa chini. Ukikosea, wewe ndiye unatoka.

Na kama nyinyi, sisi pia tulibishana juu ya vifaa. Msifikiri mlianza nyinyi. Kiptoo alisema picha yetu ina giza, inaumiza macho, akachukua boliti akapanua shimo. Picha ikapata mwanga, kweli, lakini sura za watu zikayeyuka kama mafuta kwa sufuria, huwezi kujua huyu ni karani ama ni mbuzi. Akinyi alimgombeza wiki nzima. "Umetuharibia! Kubwa si nzuri!" Tukaziba la Kiptoo kwa udongo tukatoboa lingine jembamba, msumari wa inchi mbili, na ukikaa kimya ukangoja macho yazoee, unaona mpaka vifungo vya sweta. Tulijaribu kwa kina Akinyi pia. Nyumba za reli zilikuwa na kuta nyeupe safi, picha ilikaa vizuri kuliko kwa udongo wetu, lakini ilikuwa chumba kimoja na mama yake alikuwa akiingia na kutoka na maji. Kila akifungua mlango, kila kitu kinafutika mara moja. Tukarudi kwetu. Akinyi alileta chokaa kidogo aliyopewa na babake tukapaka ukuta wa stoo mahali pa picha tu, kipande kama cha meza. Asubuhi ndiyo ilikuwa saa yetu. Jioni jua lilikuwa linaangalia shimo moja kwa moja na hakuna kitu unaona.

Akinyi alikuwa bora kwa mchezo kuliko sisi wote. Siku moja aliigiza mama yangu, mikono kiunoni, kidole kinatikisika, mdomo unaenda. Sisi ndani tuliona vizuri sana. Tuliona pia mama mwenyewe ametokea nyuma yake na mwiko. Wawili sare sare, kichwa chini, mmoja hajui kuhusu mwingine. Kiptoo alijitupa kwa viazi akicheka. Mimi sikuweza hata kupiga kelele nimwonye. Mama alisimama akaangalia mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Umesahau vile mimi husimama na mguu mmoja mbele." Akinyi akaongeza mguu. Mama akarudi jikoni. Hiyo siku hakuna aliyepigwa.

Alikuwa pia na jambo lake moja ambalo sisi hatukuweza. Alikuwa anasimama kwa mikono. Anasimama uani kwa mikono, miguu juu, sketi ameifunga katikati ya mapaja, na sisi ndani tunamwona amesimama wima ukutani kama mtu wa kawaida, wakati dunia yote nyuma yake imepinduka. "Mimi peke yangu ndiye niko sawa!" alikuwa akisema akirudi ndani.

Baadaye akaanza kukohoa. Mwanzoni ilikuwa kikohozi cha baridi, kila mtoto Ainabkoi alikuwa nacho. Halafu akawa anasimama kwa mikono mara moja tu, anakaa chini, anashika kifua. Halafu akaacha. Sweta ikawa kubwa kwake. Mama yangu alimpikia uji wa wimbi, akampaka mafuta ya kondoo mgongoni. Watu wazima waliongea wakinyamaza nikifika.

Jioni moja mama akaniambia babake Akinyi amepata ruhusa, anampeleka kwao kwenye ziwa kwa nyanya yake, kuna hospitali ya misheni huko. Wataondoka kesho na garimoshi ya asubuhi. Nikauliza, "Atarudi lini?" Mama akasema, "Akipona." Hakusema siku. Mama yangu alikuwa mtu wa kusema siku ya kila kitu: siku ya kupanda, siku ya kuvuna, siku ya kupeleka ng'ombe kwa dipu ya kupe. Nikajua hiyo siku haiko.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria, na nilifikiria kwa akili ya mtoto wa miaka minane. Giza linatunza. Kitu ukikiweka gizani utakikuta vile ulikiacha. Mwanga wa mlango ndio unafuta picha, tuliona wenyewe kwa nyumba ya reli. Sasa kama picha ya Akinyi iko ukutani, na mlango haujafunguliwa, na nikaziba shimo haraka kabla hajatoka kwa ukuta, ataenda wapi? Atabaki. Yule mwingine aende kwa garimoshi. Wangu atabaki kwa stoo.

Asubuhi niliingia stoo mapema, nikafunga mlango, nikakaa chini mbele ya kile kipande cheupe na gunzi mkononi.

Walikuja. Niliwaona wakiingia uani kichwa chini, babake na sanduku la mbao, na sweta nyekundu. Sauti niliisikia kupitia mabati.

"Mama, Pacha ako wapi?"

"Alikuwa hapa saa hii," mama yangu akasema. "Huyo mtoto ni kama swara. Labda ameenda mtoni. We! Njoo uage mwenzako!"

Sikujibu. Nikijibu watafungua mlango.

"Pacha!" Akinyi akaita. Sauti ilikuwa ndogo. "Pacha, mimi naenda!"

"Akinyi, garimoshi haitungoji," babake akasema.

"Baba, ngoja kidogo. Kidogo tu."

Akageuka akaangalia stoo. Sijui kama alijua. Mpaka leo najiuliza. Alikuwa ananijua kuliko mtu yeyote, na alijua hiyo saa ya asubuhi ndiyo saa ya ukuta. Aliangalia moja kwa moja kwa mabati, akainua mkono. Na kwa vile picha ilikuwa imepinduka, mkono ulioinuliwa uliteremka. Uliteremka ukutani mpaka chini, karibu na mahali nilikuwa nimekaa. Nikanyoosha wangu kuushika. Mwanga ulinimwagikia kiganjani, vidole vyake vidogo juu ya vyangu, na havikuwa na uzito wala joto.

Nikasema, sasa. Nikatambaa chini nisimzibe, nikafika kwa mabati. Jicho langu lilikuwa karibu na lile shimo kama vile kijiko kiko karibu na mdomo. Ningeangalia nje ningemwona wima, na uso wake, na macho yake. Sikuangalia. Nikasukuma gunzi kwa nguvu, giza likaingia, nikakaa na mgongo kwa mabati nikisikia kikohozi chake kikienda, kikienda, mpaka garimoshi ikapiga honi kule chini. Na nyinyi mjue nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linanikata. Nilikuwa nimekaa gizani na furaha, nikifikiri nimewashinda wote.

Kila siku niliingia. Nilifungua mlango kidogo tu, nikapita kwa ubavu, nikafunga. Nilimwambia habari za Kiptoo, habari za ndama. Nilimwekea kiazi cha kuchoma. Mama aliuliza mbona siku hizi natunza stoo hivyo, nikamwambia viazi visigeuke kijani, akanisifu mbele ya wageni.

Kabla ya mavuno, wafanyakazi wa reli walipita na troli yao, wakasimama kwetu. Mmoja alivua kofia akaongea na mama. Mama akarudi, akakaa, akachukua kisu cha kumenya, akamenya kiazi kizima akakimaliza. Halafu akaniambia Akinyi amezikwa kwao.

Sikulia. Kiptoo alilia akajificha kwa zizi, mama alilia usiku, mimi sikulia. Nilimwonea huruma yule mwingine aliyeenda na garimoshi. Wangu nilikuwa naye. Shangazi zangu walisema, huyu mtoto moyo wake ni jiwe. Mama aliniangalia sana hizo siku.

Mavuno yakafika. Nililala mlangoni mwa stoo nikakataa watu na magunia yao. Mama akanishika mkono mmoja akaniondoa kama mtu anayeondoa jembe njiani. Mlango ukafunguliwa wote, na wanaume wakaanza kuingia na kutoka na viazi vipya. Nikangoja. Walipomaliza nikasema, hata kama wamefuta, labda amejificha kona. Nikafunga mlango. Nikachomoa gunzi.

Uzio ukaja. Kabichi zikaja. Ng'ombe wetu akaja, akapita kichwa chini, akaondoka. Nikangoja macho yazoee vile tulifundishana. Nikangoja mpaka nikaona kila kifundo cha uzio. Kile kipande cha chokaa kilikuwa na alama ya kiganja changu, chafu, chini kabisa. Na hakuna kingine.

Hapo ndipo nililia. Mama alikuja mbio akifikiri ni nyoka. Nikamwambia yote, gunzi mkononi. Alisikiza mpaka mwisho. Nilijua atanichapa na nilitaka anichape. Akakaa juu ya viazi, mtu ambaye hakuwahi kukubali mtu akalie viazi.

"Siku hiyo yote ulikuwa hapa ndani?"

"Ndiyo, Mama."

"Alikungoja," akasema. "Alikungoja mpaka babake akamvuta mkono. Akaniambia nikwambie hajakasirika." Akapangusa udongo kwa kiazi kimoja. "Nilikuwa nimesahau kukwambia. Nilifikiri utamwona akirudi."

Sasa mimi ni mzee. Nimezika watu wengi kuliko niliobaki nao, na wale wote nilitoka nje nikawashika mkono kabla hawajaenda, hata wale tuliokosana. Mmoja tu ndiye sikumshika.

Ndiyo maana nawaambia habari ya siku ya mwisho ya ile likizo. Nilikuwa nje nachambua maharagwe. Watoto walikuwa ndani ya stoo na projekta yao na gunzi langu. Atieno alikuwa ametoka kuchukua begi, kwa sababu shule zinafunguliwa na mama yake alikuwa amemfuata ampeleke bodingi. Akasimama mbele ya mlango wa stoo.

"Wasee, mimi naenda. Mathe amefika."

"Sawa, poa!" Kiprop akapiga kelele kutoka ndani. "Usifungue mlango! Picha itapotea!"

Atieno alikuwa ameinua mkono kushika komeo. Ukabaki hapo hewani. Halafu akaushusha, akaja kwangu, akanipa mikono miwili kwa heshima. "Kogo, nimeenda." Akatabasamu vile mtu hutabasamu akitaka usione uchungu wake. Akaenda kwa geti, ambapo mama yake alikuwa anapakia maziwa niliyomwekea.

Niliweka ungo chini, maharagwe yakamwagika, sikuyaokota. Nikaenda kwa ule mlango nikaufungua wote mpaka ukagonga ukuta.

"Kogo! Picha!"

Ukuta ulikuwa mweupe mtupu. Walikuwa wamefunika macho kama fuko.

"Atieno ako wapi?"

"Ameenda," Chebet akasema.

"Nani amemshika mkono?"

"Lakini Kogo," Kiprop akasema, "tutakuwa tunaonana tu kwa skrini. Kila akipewa ruhusa ya kutoka shule."

Sikuwahadithia hiyo siku. Gari lilikuwa linawashwa. Nikachomoa lile gunzi kwa mabati nikalitia mfukoni, nikawaonyesha geti na kidole, na nikawaambia hivi, na tangu hapo ndiyo amri ya nyumba yangu kwa mkubwa na mdogo:

"Kwa hii boma yangu, mtu akisema anaenda, mnafungua mlango. Mnatoka wote, mnamshika mkono. Picha ikipotea, ipotee. Kimbieni!"